Lee-Enfield No. 4 ya Long Branch iliyouzwa kwa jina la Uingereza: tathmini ya bunduki, chapa zake na lebo ya dukani

Tathmini hii inahusu bunduki moja ya ziada ya jeshi, Lee-Enfield No. 4 ya risasi za .303, niliyoinunua katika duka la silaha za kale lililoko kusini mwa Ontario, Kanada, pamoja na huduma niliyoipata dukani humo. Lebo ya karatasi iliyofungwa kwenye kikingio cha kifyatulio ilidai kwamba bunduki hiyo ilitengenezwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwamba namba zake zote zinalingana, na kwamba hali yake ni nzuri sana. Kati ya madai hayo matatu, la tatu pekee ndilo lililokuwa kweli. Hata hivyo naisifu bunduki hii bila kusita, kwa sababu historia iliyopigwa kwenye chuma chake ina thamani kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwenye karatasi, na kwa sababu mnunuzi yeyote mwenye tochi ndogo, kipande cha chaki nyeupe na subira anaweza kuisoma mwenyewe kabla hajatoa pesa yake.

Wasomaji wengi wa Kenya na Tanzania wanaifahamu bunduki hii kwa jina la Mark IV, kwani ndivyo inavyotajwa katika taarifa za polisi na katika mazungumzo ya walinzi na askari wa akiba. Kwa mtu anayetaka kuzisoma chapa zake, inafaa kukumbuka kwamba «No. 4» ni aina ya bunduki, na «Mk» ni toleo ndani ya aina hiyo, hivyo bunduki nyingi zinazoitwa Mark IV kwa hakika ni No. 4 Mk I, Mk I* au Mk 2. Tofauti hiyo itatusaidia hapa chini, maana nyota ndogo inayofuata namba ya toleo inaweza kumwongoza mnunuzi hadi kwenye kasoro ambayo muuzaji hakuitaja.

Bunduki za No. 4 zilianza kutoka viwandani kwa wingi mwaka 1941. Nchini Uingereza zilitengenezwa katika viwanda vitatu vikuu: Fazakerley mjini Liverpool, Maltby katika eneo la Yorkshire, na kiwanda cha kampuni ya BSA (Birmingham Small Arms) cha Shirley katika viunga vya Birmingham. Ng'ambo ya Atlantiki zilitengenezwa na kampuni ya Savage huko Chicopee Falls, Massachusetts, na kiwanda cha serikali ya Kanada kilichoitwa Long Branch, kando ya Ziwa Ontario, magharibi kidogo mwa Toronto. India na Australia ziliendelea na aina ya zamani ya No. 1 katika viwanda vyao vya Ishapore na Lithgow, kwa hiyo anayeuziwa No. 4 «ya Lithgow» anapaswa kuuliza maswali mengi. Baada ya vita, Pakistani nayo ilitengeneza No. 4 Mk 2 katika kiwanda cha Wah, kwa mitambo iliyotoka Fazakerley.

Kazi ya kutambua asili ya bunduki huanzia kwenye kile kipande kikuu cha chuma ambamo bolti, yaani chuma kinachofunga risasi ndani ya mtutu, husafiri mbele na nyuma. Nitakiita mwili wa bunduki, na ile pete nene ya chuma inayoshika kitako cha mbao nitaiita shingo. Katika No. 4, jina la aina na toleo huwa kwenye ubavu wa kushoto wa mwili, na namba ya bunduki huwa upande wa kushoto wa shingo. Mtengenezaji na mwaka hupatikana sehemu moja kati ya hizo mbili, kutegemea kiwanda. Nilipoipokea bunduki hii mikononi, ubavu wake wa kushoto ulionekana mtupu kabisa, na nadhani hiyo ndiyo sababu mwandishi wa lebo aliamua kutegemea maandishi machache yaliyoonekana wazi kwingineko.

Ubavu huo haukuwa mtupu. Baada ya vita, karakana za jeshi la Uingereza zilizoea kuzipaka bunduki zilizofanyiwa matengenezo rangi nzito nyeusi inayojulikana kwa jina la Suncorite, ambayo hulinda chuma vizuri sana dhidi ya kutu lakini hujaa ndani ya maandishi kama mafuta yaliyoganda. Chapa za viwanda vya Amerika Kaskazini ziliathirika zaidi na rangi hiyo, kwa sababu hazikupigwa kwa nyundo na muhuri, bali zilisukumwa kwenye chuma kwa rola, na kina chake ni kidogo tangu siku ya kwanza. Niliilaza tochi karibu sambamba na chuma, mwanga ukitokea upande wa mdomo wa mtutu, na vivuli vyembamba vya herufi vikaanza kujitokeza. Kisha nilipitisha ubapa wa chaki taratibu juu ya ubavu wote na kuufuta kwa kitambaa kikavu, chaki ikabaki ndani ya mabonde ya herufi tu. Mstari wa kwanza ulisomeka «No 4 Mk I*», wa pili «LONG BRANCH», na wa tatu «1943». Muuzaji alikuwa amesimama kando yangu akitazama, na hakuna aliyehitaji kubishana tena kuhusu nchi bunduki hiyo ilikozaliwa.

Nasisitiza kwamba rangi hiyo isikwanguliwe wala kuyeyushwa kwa dawa ili maandishi yaonekane. Rangi yenyewe ni ushahidi wa hatua moja ya maisha ya bunduki, na ikishaondolewa haiwezi kurudishwa. Nimeona bunduki kadhaa zilizong'arishwa kwa mashine hadi chuma kikawa cheupe, na pamoja na kung'aa kwake zimepoteza nusu ya chapa zilizokuwa zikizipa thamani. Chaki hutoka kwa kupangusa mara moja, na haidhuru chochote.

Namba ya bunduki iliyoko shingoni ilithibitisha yaliyosomeka ubavuni. Long Branch walitumia mtindo ambao hauchanganyiki na wa kiwanda kingine chochote: tarakimu moja au mbili, kisha herufi L, kisha tarakimu nne zaidi. Savage walitumia mpangilio unaofanana na huo, lakini kwa herufi C. Hapo ndipo penye mtego unaowanasa wakusanyaji wengi wapya, maana mtu akiona C katikati ya namba hudhani mara moja kwamba bunduki ni ya Kanada. C hiyo inasimama kwa Chicopee Falls, mji wa Marekani. C ya Kanada ni tofauti kabisa kwa sura: ni herufi kubwa inayozunguka mshale mpana wa serikali uliowekwa ndani yake, na hutumika kama alama ya mali na ukaguzi wa serikali ya Kanada. Kwenye bunduki hii nimeiona alama hiyo katika vipande kadhaa vidogo vya chuma, na mahali pamoja imepigwa safi kiasi kwamba ncha tatu za mshale zinahesabika bila miwani.

Tukija kwenye dai la pili la lebo, yaani kulingana kwa namba, jibu lilipatikana kwa kuinua mkono wa bolti. Nyuma ya mkono huo, kwenye ubapa wake, hupigwa namba inayopaswa kufanana na ile ya shingoni. Hapa ilikuwa namba tofauti, na tena ilikuwa na herufi C katikati. Bolti ni ya Savage, kutoka Massachusetts, iliyofungwa ndani ya mwili wa Kanada. Sioni aibu yoyote katika hilo, kwa maana bolti za No. 4 ziliundwa ili fundi wa karakana aweze kuzibadilisha, akichagua kichwa cha bolti chenye namba inayofaa kati ya 0 na 3 ili nafasi iliyo nyuma ya ganda la risasi iwe salama. Tatizo ni kwamba lebo ilitumia maneno «namba zote zinalingana», ambayo kwa wakusanyaji ni maneno ya bei, na mtu huyalipia zaidi. Aidha, bolti isiyo ya asili lazima ipimwe kwa vipimo maalumu na fundi bunduki mwenye ujuzi kabla ya risasi hata moja kupigwa. Nililipia kipimo hicho, bunduki ikapita, na gharama yake naihesabu kuwa sehemu ya bei ya kununulia.

Sasa nieleze kwa nini mwandishi wa lebo alifikiri bunduki hii ilitoka Uingereza, kwa sababu hakuwa akibuni. Kwenye chuma, mahali ambapo chapa ilipigwa baada ya rangi na si kabla yake, kuna neno ENGLAND kwa herufi ndogo zilizo wazi. Karibu na hapo, kwenye mtutu, kuna taji dogo juu ya herufi BNP, maandishi ya .303 na 2.222 yenye alama ya inchi, na maneno yanayotaja tani 18.5 kwa kila inchi ya mraba. Mtu asiyezoea husoma ENGLAND na kumaliza kazi yake. Ukweli ni kwamba hakuna hata moja kati ya alama hizo iliyowekwa na kiwanda kilichoitengeneza bunduki. Ni alama za biashara ya kiraia. Sheria ya Uingereza ilitaka silaha inayotoka mikononi mwa serikali na kuingia sokoni ijaribiwe kwanza katika nyumba rasmi ya majaribio, ama ya London ama ya Birmingham, na taji lenye BNP ni la Birmingham. Takwimu zinazolifuata zinataja kipenyo cha risasi, urefu wa ganda na kiwango cha shinikizo ambacho bunduki imeidhinishwa kukihimili. Neno ENGLAND lilipigwa kwa ajili ya forodha, hasa ya Marekani, iliyodai kwamba bidhaa inayoingia ionyeshe nchi ilikotoka. Lebo ya dukani ilikuwa imetaja nchi iliyoiuza bunduki badala ya nchi iliyoitengeneza.

Mimi nimezifurahia alama hizi kuliko jina la kiwanda lenyewe, kwa sababu zinaturuhusu kupanga safari ya bunduki kwa miaka. Alama ya BNP ya mtindo huu ilianza kutumika katikati ya miaka ya 1950, kwa hiyo bunduki hii haikuuzwa kwa raia kabla ya hapo. Kwa upande mwingine, sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1968 ilifunga mlango wa kuingiza silaha za ziada za kijeshi, na mlango huo ulipofunguliwa tena katika miaka ya 1980 kila bunduki iliyoingia ilipaswa kupigwa jina na mji wa kampuni iliyoiingiza. Nimeikagua bunduki hii kuanzia mdomo wa mtutu hadi bamba la kitako, ikiwa ni pamoja na chini ya mtutu ambako makampuni hupenda kuficha maandishi hayo, na hakuna jina la mwagizaji yeyote. Ikiwa iliingia kwanza Marekani, jambo ambalo neno ENGLAND linalielekeza, basi iliingia kati ya katikati ya miaka ya 1950 na 1968. Bunduki iliyotengenezwa mwendo mfupi tu kutoka Toronto ilivuka Atlantiki kwenda Uingereza, ikatumika, ikapakwa rangi, ikajaribiwa Birmingham, ikauzwa, na hatimaye ikarudi kwenye rafu ya duka la Ontario ikiwa na karatasi inayoikana nchi yake.

Kuna alama nyingine mbili za kundi hili ambazo mnunuzi atakutana nazo katika bunduki za namna hii, ingawa katika yangu sikuikuta hata moja. Ya kwanza ni mishale miwili ya serikali iliyoelekezana ncha kwa ncha, ambayo maana yake ni kwamba silaha imeondolewa rasmi katika mali ya jeshi la Uingereza na kuuzwa. Ya pili ni maneno US PROPERTY yanayopatikana kwenye bunduki nyingi za Savage za wakati wa vita. Wauzaji huyatumia kudai kwamba bunduki ilibebwa na askari wa Marekani, na dai hilo si sahihi. Chini ya mpango wa kukopesha na kukodisha silaha ulioanza Machi 1941, bunduki hizo zilikuwa mali ya serikali ya Marekani kwa mujibu wa sheria tu, na zilitengenezwa ili zitumike na Uingereza na washirika wake. Anayelipa zaidi kwa ajili ya maneno hayo analipia hadithi.

Vipande vidogo navyo vina lugha yake. Kilengeo cha nyuma cha bunduki yangu kina chapa M47C, ambayo ni msimbo wa wakati wa vita wa kiwanda cha Shirley. Msimbo huo uliwekwa ili adui asijue kitu gani kinatengenezwa wapi. Kilengeo hicho bila shaka kiliwekwa katika matengenezo ya Uingereza, maana Long Branch walikuwa na vilengeo vyao vyenye alama LB. Vipande vingine vina LB, na kimoja kina S ndani ya mraba, ambayo ni ya Savage. Kwenye ukingo wa juu wa kitako, nyuma ya shingo, kuna herufi N, inayoonyesha kwamba kitako ni cha urefu wa kawaida. Vitako virefu vilipigwa L, vifupi S, na vile vifupi zaidi B. Anayenunua kwa ajili ya kupiga shabaha asiipuuze herufi hiyo, kwa kuwa kitako kisichomfaa mtu kwa urefu kitamuumiza bega au kumlazimisha kunyoosha shingo kila anapolenga. Mbao za kitako na za mbele hazikutoka mti wa aina moja, na tofauti ya rangi inaonekana hata kwa mbali. Kwa watu wanaotaka bunduki iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani hiyo ni kasoro. Mimi naichukulia kuwa ushahidi wa karakana.

Nyota iliyo baada ya Mk I ndiyo chapa iliyonishughulisha zaidi kabla ya kununua. Katika toleo la Mk I, bolti hutolewa kwa kubonyeza kikamatio kidogo nyuma ya reli inayoongoza kichwa cha bolti. Ili kuharakisha uzalishaji, Savage na Long Branch walikiondoa kikamatio hicho na badala yake wakakata mwanya mdogo kwenye reli yenyewe, upande wa mbele, ambapo kichwa cha bolti huinuliwa na kutoka. Hilo ndilo toleo la Mk I*. Mabadiliko hayo yaliokoa muda kiwandani, lakini yaliacha kipande chembamba cha reli mbele ya mwanya, na baada ya miaka mingi ya kazi kipande hicho huweza kumeguka. Reli ikishameguka, kichwa cha bolti kinaweza kuruka nje ya njia yake bolti inapovutwa kwa nguvu, na ukarabati wake si wa kufanyia nyumbani. Kila anayeona nyota kwenye chapa anapaswa kuvuta bolti nyuma, kumulika reli ya kulia, na kutazama kama kingo za mwanya bado ni kali na za pembe kamili. Katika bunduki hii kingo hizo zimechakaa kidogo tu kwenye rangi, na chuma chenyewe ni kizima. Kama zingekuwa zimemeguka, ningeiacha bunduki hapo dukani hata kwa nusu ya bei.

Ndani ya mtutu kuna mifereji miwili, ile inayoizungusha risasi inapotoka. Mtu aliyezoea mitutu ya Kiingereza ya mifereji mitano anaweza kushtuka na kufikiri kwamba mingine imelika, lakini mitutu ya mifereji miwili ilitengenezwa kwa wingi Long Branch na Savage wakati wa vita ili kupunguza kazi ya mashine, na majaribio yalionyesha kwamba inalenga vya kutosha kwa matumizi ya kijeshi. Huu unang'aa hadi mwisho, bila madoa ya kutu. Uwanjani, kwa umbali wa mita 100 na kwa kutumia vilengeo vya asili, risasi tano zilikaa ndani ya eneo linalofunikwa na kiganja, na kwa bunduki ya mwaka 1943 sina sababu ya kudai zaidi. Bolti hukoki inaposukumwa mbele na kufungwa, si inapoinuliwa, na mkono ukishaizoea hali hiyo huenda kwa wepesi ambao bunduki nyingi za zama zake hazina. Magazini ya risasi 10 ilipokea na kulisha bila kukwama. Uzito wake, takriban kilo 4.1, unasaidia kupunguza mshtuko begani. Kwa anayetumia risasi za zamani za kijeshi, fataki za nyingi kati yake huacha chumvi inayoleta kutu, kwa hiyo mtutu usafishwe kwa maji ya moto siku hiyohiyo, kisha ukaushwe na kupakwa mafuta.

Bunduki za familia ya Lee-Enfield zina uhusiano wa kweli na watu wetu, na sidhani kwamba ninaweza kuitathmini hii kana kwamba ni kifaa cha kigeni tu. Askari wa King's African Rifles, wakiwemo wa kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, walibeba Lee-Enfield katika vita viwili vya dunia, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita katika Bonde la Kabaw nchini Burma hadi kuvuka mto Chindwin ikiwa na silaha za familia hiyo. Mara nyingi wazee wetu waliozibeba hawakuachiwa hata kipande cha karatasi kinachoonyesha utumishi wao, ilhali chuma walichokibeba kilipigwa namba, mwaka na alama ya mkaguzi katika kila kiungo. Ndiyo sababu nakereka sana chapa hizo zinaposomwa kwa uzembe, kwani kwa bunduki iliyopita katika kikosi fulani, alama moja iliyofutwa au kutafsiriwa vibaya inaweza kuwa ndiyo njia ya mwisho ya kuifuatilia. Sidai kwamba bunduki yangu ilifika Afrika. Hakuna chapa juu yake inayosema hivyo, na muuzaji yeyote anayetoa dai la namna hiyo bila chapa wala hati hapaswi kuaminiwa.

Kuhusu bidhaa za kughushi nitasema machache, kwa kuwa No. 4 huigizwa kidogo kuliko aina za zamani. Katika mpaka wa Pakistani na Afghanistani, hasa mji wa Darra Adam Khel, mafundi wametengeneza kwa mikono nakala za bunduki za Kiingereza kwa vizazi kadhaa, na ustadi wao wa kufua chuma unastahili heshima hata pale ambapo nakala zenyewe si salama kwa risasi zenye nguvu. Chapa ndizo huwafichua: herufi N iliyogeuzwa, jina la kiwanda lililokosewa tahajia, au taji lenye herufi VR za Malkia Victoria pamoja na mwaka kama 1914, ilhali malkia huyo alifariki mwaka 1901. Jambo la hatari zaidi kwa mnunuzi wa No. 4 ni herufi DP, zinazoonyesha kwamba bunduki ilitengwa kwa mazoezi ya gwaride pekee, mara nyingi kwa sababu ilikuwa imechoka. Herufi hizo hupigwa kwenye chuma na pia kwenye mbao, na mbao zinaweza kubadilishwa, kwa hiyo zitafutwe kwenye chuma. Nilizitafuta kwenye bolti, shingo, mwili na mtutu, na hazikuwepo.

Nikirejea kwenye duka, huduma yake naipa alama za juu isipokuwa kwenye uandishi wa lebo. Muuzaji alikagua leseni yangu kabla ya kunikabidhi bunduki, alitoa bolti mwenyewe ili kuhakikisha kwamba haina risasi, aliniruhusu kutumia tochi na chaki kwa muda nilioutaka bila kunihimiza, na alikubali kuandika kwenye risiti kwamba ninaweza kuirudisha endapo fundi angeikataa. Tulipomaliza kuisoma, aliichana lebo ya zamani na kuandika nyingine mbele yangu yenye Long Branch, 1943, Mk I*, bolti ya Savage, na majaribio ya Birmingham. Bei hakuibadilisha. Sikumlaumu kwa hilo, kwa sababu bei aliyoitaja ilikuwa ya haki kwa bunduki yenye bolti isiyo ya asili, na bunduki za Long Branch zina wapenzi wengi Kanada. Kama angekuwa ametoza bei ya bunduki yenye namba zinazolingana, ningeondoka.

Ninachokitaka kwa duka hilo, na kwa maduka mengine yanayouza bunduki za ziada, ni kwamba lebo zieleze chapa kama zilivyo badala ya kutoa hukumu iliyokwisha kufanywa. Lebo inayotaja maneno ya ubavuni, mtindo wa namba ya shingoni, namba ya bolti na alama za majaribio haihitaji kutaja nchi kwa majigambo, kwa kuwa mnunuzi ataiona mwenyewe. Kwa mnunuzi anayetafuta bunduki ya kupiga shabaha yenye gharama nafuu, Mk I* ya Long Branch yenye reli nzima na mtutu safi inafaa kabisa, ilimradi kipimo cha fundi kiwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Anayetafuta bunduki ya kukusanya, inayolingana kuanzia shingo hadi bolti, asiinunue hii, bali atafute ile ambayo haijapita karakana za Uingereza, na ajiandae kulipa zaidi. Wasomaji walioko Kenya na Tanzania wakumbuke kwamba huko umiliki wa silaha ya aina hii unahitaji kibali cha mamlaka kwanza, na namba ya shingoni ndiyo itakayoingizwa kwenye kibali hicho. Iandikwe pamoja na herufi yake ya katikati, maana L ikiachwa au ikisomwa C, karatasi itakuwa ya bunduki nyingine.